Ujuzi wa kambini wahitaji mfasiri mjini

Mwaka 2021 nilitenda kosa la kitaaluma ambalo hadi leo hunikosesha raha kila nishikapo kalamu nyekundu. Barua pepe ilinifikia kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akiishi Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Kijana huyu nilimfundisha fonolojia na isimujamii enzi nilipokuwa mhadhiri mchanga. Mwaka 2012 alibahatika katika ile bahati nasibu ya viza ambayo Wakenya wengi wameijaribu, akapewa ukaazi wa kudumu, na mwaka uliofuata akajiunga na Jeshi la Nchi Kavu la nchi hiyo. Alilitumikia kwa miaka minane, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia akihudumia kompyuta na mitandao. Sasa alikuwa ameacha jeshi kwa heshima zote, ana mke na watoto wawili, na kwa muda wa miezi minne alikuwa ametuma maombi ya kazi yasiyopungua sitini asiitwe popote. Aliniambatishia wasifukazi wake. “Mwalimu,” aliandika, “nakuomba unisomee, unisahihishie.”

Nilimsomea, nikamsahihishia. Niliondoa koma mbili, nikanyoosha sentensi moja iliyopinda, nikamrudishia hati yake nikiwa nimeridhika kama seremala aliyekwisha kupiga randa. Sarufi ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba hati yenyewe haikuwa na maana kwa yeyote kati ya watu waliokusudiwa kuisoma, na mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, sikuliona hilo.

Mstari wa kwanza ulisema kwamba mwombaji ni 25B aliyekuwa NCOIC wa S-6 katika bataliani. Wa pili ulitaja NIPR na SIPR. Wa tatu ulizungumzia COMSEC. Vifupisho hivyo nilivipita jinsi mtu apitavyo mawe ya kando ya barabara, nikidhani kwamba mwajiri Mmarekani, maadamu ni Mmarekani, atavielewa. Kumbe sivyo. Kuandikishwa jeshini kwa lazima kulikomeshwa nchini humo mwaka 1973, na raia walio wengi hawajawahi kuvaa sare wala kulala kambini. Karani wa ajira katika kampuni ya bima hajui S-6 ni nini, kama ambavyo wewe, msomaji, huenda hujui.

Basi tuyafumbue. 25B ni nambari ya kazi tu. Ndiyo iliyomtambulisha mtaalamu wa teknolojia ya habari katika Jeshi la Nchi Kavu, aliyefunzwa katika chuo cha mawasiliano kilichopo Fort Gordon, Georgia. Wanamaji huwaita watu wa kazi iyo hiyo kwa herufi IT, nao wanahewa walikuwa na 3D1X1 kabla ya kubadilisha mpango wao mwaka 2021. S-6 ni ofisi ya bataliani inayosimamia mawasiliano, na NCOIC ndiye sajini msimamizi wake. NIPR ni mtandao wa shughuli zisizo za siri, SIPR ni ule wa siri, na mitandao hiyo miwili hairuhusiwi kugusana. COMSEC ni ulinzi wa mawasiliano, ukiwamo utunzaji wa funguo za kuyafumba ili adui asiyasome. Mistari mitatu, maneno sita ya ajabu, na nyuma yake amejificha mtu ambaye kampuni yoyote yenye kompyuta mia mbili ingemhitaji.

Walimu wenzangu wa Kiswahili wanayajua mambo haya kwa jina lake. Ni sajili. Katika shule zetu za sekondari tunafundisha sajili ya hospitali, ya mahakama, ya dini, ya biashara, na ya jeshi pia. Tunampa mwanafunzi kifungu cha mazungumzo tukimwambia: taja sajili hii, kisha utoe ushahidi. Naye hujibu upesi kwamba kuna amri, kuna msamiati maalumu, kuna sentensi fupi fupi, kuna neno afande. Anapata alama zake. Sijawahi kuona mtihani unaomwambia: mchukue mtu huyu anayesema hivi, umwandikie upya maneno yake ili mwenye duka, daktari au mkuu wa benki amwelewe bila ya ukweli kupotea. Tunawafundisha watoto kuitambua sare ya lugha. Kumvua mtu sare hiyo na kumvika nguo za kiraia hatujawafundisha. Nami ni mmoja wa waliowafundisha hivyo.

Alinipigia simu mwezi wa Agosti, usiku wa kwetu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuomba. Hatimaye, alisema, kampuni moja ilikuwa imemwita, na bwana aliyemhoji alimsikiliza kwa dakika kumi, kisha akamwuliza kwa upole kama aliwahi kufanya kazi ya kompyuta hasa, au alikuwa mtu wa redio. Miaka sita ya kuhudumia kompyuta, na swali ni hilo!

Nikamwambia aiweke karatasi kando. “Nieleze kwa Kiswahili,” nilimwomba, “kama ambavyo ungemweleza mama yako. Ulipoamka asubuhi ulikwenda wapi, ukafanya nini kwa mikono yako?” Akacheka kidogo, akanyamaza, halafu akaanza.

Bataliani yake, alisema, ilikuwa na watu kama mia sita. Kila alipofika mgeni, yeye na vijana wanne waliokuwa chini yake walimfungulia akaunti, wakampa kompyuta, wakamfunza namna ya kutunza neno lake la siri. Na kila aliyehama walimfungia milango siku ile ile, maana akaunti ya mtu aliyekwenda zake ni dirisha lililoachwa wazi. Programu zilipohitaji kuzibwa nyufa walizunguka mashine hadi mashine, na orodha ya zilizobaki ilikaguliwa kila wiki na wakubwa wasiopenda visingizio. Bataliani ilipokwenda mazoezini nyikani, walizipakia seva na ruta kwenye malori, wakazisafirisha katika vumbi na mtikisiko, na walipowasili walikuwa na saa chache tu za kusimamisha dishi la setilaiti, kuwasha jenereta, kutandaza nyaya hemani na kuhakikisha kwamba kamanda anaweza kupiga simu. Usiku mmoja jenereta ilizimika. Betri za dharura zilikuwa na dakika kumi na tano za uhai. Akazima mashine moja baada ya nyingine kwa utaratibu, akianza na zile zisizo na haraka, akaibakiza ile iliyobeba simu, hadi fundi alipoifufua jenereta. Hakuna kilichopotea.

“Na hilo umeliandika wapi?” nikamwuliza.

“Lipo, Mwalimu. Nimeandika kwamba nilidumisha C4 wakati wa FTX.”

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu kwa ukubwa wake. Kiswahili kilimsaidia kwa sababu nyepesi sana: hakina vifupisho vya jeshi lile. Msemaji alilazimika kurudi kwenye vitu vyenyewe, kwenye malori na nyaya na betri, na alipokwisha kurudi huko kila mtu angeweza kumfuata, awe mama yake wa Kisii au mkuu wa teknolojia wa hospitali ya Dallas. Nilikuwa nikiandika kwenye daftari alipokuwa akisema, na kile nilichokiandika, tulipokirejesha katika Kiingereza cha kawaida, ndicho kilichokuwa wasifukazi wake wa kweli. (Ninaandika kompyuta, wala si tarakilishi wala ngamizi. Ugomvi huo niliwaachia wenzangu zamani, na wasemaji wenyewe walikwisha kuuamua kwa ndimi zao.)

Kisha tukakumbana na kizingiti nilichokifurahia kama mwanaisimu na kukichukia kama rafiki. Kila kitenzi chake kilianza kwa tu-. Tulisimamisha, tulitengeneza, tuliokoa. Nikamwuliza: “Wewe je?” Akajibu: “Tulikuwa kikosi, Mwalimu.” Jeshi lilimfunza kwamba anayejitaja nafsi yake mbele ya wenzake ni mtu wa kutiliwa shaka. Lakini mahojiano ya kazi, hasa katika nchi ile, yanadai ni-. Anayehoji anataka kujua mkono upi uliizima mashine ipi. Mwombaji anaposema tulifanya, yeye husikia kwamba kazi ilifanywa na wengine naye huyu alikuwa amesimama kando akishika tochi. Kiambishi kimoja cha nafsi, msomaji, kinaweza kumnyima mtu mshahara. Tulitumia jioni mbili nzima kumfanyisha mazoezi ya kusema nilizima, niliamua, nilikosea, nilirekebisha, bila ya kujiona kwamba amewasaliti wale vijana wanne. Ufumbuzi aliupata mwenyewe: akawa anaanza kwa tu- ili kuwataja wenzake, kisha anapokezana na ni- pale ilipokuwa zamu yake. Sijui mtaala gani wa chuo kikuu ungemfundisha hilo, wangu haukumfundisha.

Ila tafsiri, kama sheria, ni msumeno. Katika hati ile mlikuwa na sentensi iliyodai kwamba alisimamia mtandao wa thamani ya dola milioni tatu bila ya hasara yoyote. Sentensi za aina hii huzaliwa katika ripoti za kuwapima masajini, ambamo thamani ya vifaa alivyovitilia mtu sahihi hutajwa kama kipimo cha ukubwa wake. Nilimwuliza kama yeye ndiye aliyeusanifu mtandao huo. La. Je, aliubadilisha mpangilio wake? Mara chache, mamlaka ya mambo makubwa yalikuwa mikononi mwa kituo cha mitandao cha kambi nzima, na bataliani iliachiwa haki chache. Basi alichofanya ni kupokea dhamana, kuvihesabu vifaa, kuvitunza na kuvirudisha vyote. Hiyo ni sifa njema, lakini si sifa ya msanifu wa mitandao, na mhojaji mwenye akili hugundua tofauti hiyo kwa maswali mawili. Vilevile hakuwahi kuzigusa zile seva za kukodi ambazo kampuni nyingi huzitumia siku hizi badala ya kununua mashine zao, wala hakuwa na mazoea ya kuandika vijiprogramu vya kufanya kazi zinazojirudia. Mambo hayo hayakufichwa na lugha, hayakuwapo. Nilimshauri aikate sentensi ya dola milioni tatu. Iliniuma kidogo, maana ndiyo aliyokuwa akiipenda kuliko zote.

Haitakuwa haki kudai kwamba taifa lile limewatupa watu wa namna yake. Sheria maarufu ya GI Bill, iliyotiwa sahihi na Rais Roosevelt mwezi wa Juni 1944, iliwapeleka mamilioni ya wapiganaji vyuoni, na ile iliyopitishwa mwaka 2008 humlipia anayetimiza masharti hadi miezi 36 ya masomo. Tangu 1945 Baraza la Elimu la Marekani limekuwa likiyapima mafunzo ya kijeshi na kuvishauri vyuo ni alama ngapi za masomo zinazostahili kutolewa kwa ajili yake. Sheria ya 2011 iliwalazimisha karibu wote wanaoacha jeshi kupitia mafunzo ya kuwaandaa kwa maisha ya kiraia. Uko pia mpango wa SkillBridge, ambao humwezesha mwanajeshi kufanya kazi katika kampuni ya kiraia kwa muda unaoweza kufikia siku 180 za mwisho za utumishi wake, huku jeshi likiendelea kumlipa. Mwanafunzi wangu aliuomba. Mkuu wake hakumpa ruhusa kwa kuwa kikosi kilikuwa na upungufu wa watu, na ruhusa ya mkuu ni sharti.

Kuna hata kamusi. Wizara ya Kazi ya nchi hiyo ina hazina ya kazi iitwayo O*NET, ambamo mtu huandika 25B akapewa majina ya kazi za kiraia zinazokaribiana nayo, kama vile msaidizi wa watumiaji wa kompyuta au msimamizi wa mitandao. Nimeichungulia. Ni kazi nzuri ya kitakwimu, nami siibezi. Hata hivyo kila aliyewahi kufasiri anajua kwamba orodha ya maneno mawili mawili, la huku na la kule, haijawahi kumfasiri mtu. Inampa jina la kazi, lakini haimpi habari ya jenereta. Yule bwana wa mahojiano hakukosa jina, alikosa habari.

Suala la vyeti ni chungu zaidi, na ningependa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu walisikilize, wawe na nia ya kuvaa sare au wasiwe nayo. Tangu Desemba 2005 mwongozo wa Wizara ya Ulinzi uliojulikana kwa nambari 8570 uliwataka watu wanaolinda mitandao ya wizara wawe na vyeti vya kibiashara vinavyotambuliwa, kile cha Security+ cha CompTIA kikiwa miongoni mwao. Mwezi wa Februari 2023 nafasi yake ilichukuliwa na mwongozo wa 8140. Hilo lilikuwa jambo la busara, kwa sababu cheti cha kiraia ni neno ambalo kambi na mji hulisoma kwa namna moja. Ni tafsiri iliyokwisha kufanywa. Lakini Security+ hudumu kwa miaka mitatu. Yeye alikipata mwaka 2018, gharama ikiwa juu ya jeshi. Kilimalizika muda mwaka 2021, katika miezi ile ile aliyokuwa akizurura na wasifukazi wake, na mlipaji hakuwa tena mwajiri wake. Neno pekee lililokuwa limekwisha kufasiriwa likafutika. Lau angelihuisha kabla ya kukabidhi sare, huenda simu ile ya Agosti isingepigwa.

Kibali cha kuona siri nacho kina mkasa wake. Kwa kawaida hupewa raia, na kazi ya 25B ilikihitaji. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alianza jeshini kama karani wa ghala, akapata uraia kwa njia ya utumishi, ndipo akaruhusiwa kuhamia kwenye kompyuta. Alidhani kibali hicho ni mali yake. Sivyo, huambatana na kazi, na mtu akikaa nje kwa muda mrefu hulala na hatimaye hupotea. Kampuni zinazoihudumia serikali, hasa zilizo karibu na Washington, huwatafuta wenye vibali kwa udi na uvumba. Dallas, alikofuata ndugu za mkewe, waajiri wengi aliowaandikia hawakuwa na haja nacho.

Jambo moja la pembeni haliniondoki akilini. Mwaka 2009 jeshi hilohilo lilianzisha mpango ulioitwa MAVNI, wa kuwaandikisha wageni halali wasio na ukaazi wa kudumu endapo walikuwa na taaluma za tiba au lugha zilizohitajika. Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha hizo, na uandikishaji mpya ukasimamishwa mwaka 2016. Kwa hiyo yalikuwako makambi ambamo lugha yetu ilihesabiwa kuwa silaha. Ajabu ni kwamba katika kisa hiki ilifanya kazi iliyo ya kawaida zaidi, nayo haikulipwa na mtu.

Si kila nchi ina tatizo hili kwa kiasi kimoja. Nchini Israeli, ambako utumishi wa jeshi ni wa lazima kwa raia wengi, kikosi cha ujasusi wa mawasiliano cha 8200 kimetoa waanzilishi wa kampuni kadhaa. Gil Shwed, aliyepitia humo, alikuwa miongoni mwa waliounda Check Point mwaka 1993. Huko mhojaji na mhojiwa aghalabu wamelala katika kambi za namna moja, na nambari ya kikosi peke yake ni barua ya sifa. Siutaji mfano huo ili nisifu utumishi wa lazima. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba nambari ni nambari tu, na thamani yake hutokana na aliye upande wa pili wa meza.

Na Marekani yenyewe ilikuwa na Grace Hopper. Bibi huyu, mwanahisabati, aliingia katika akiba ya Jeshi la Wanamaji mwaka 1943 akapelekwa Harvard kuitumikia kompyuta ya Mark I. Mwaka 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert-Mauchly, na humo akashikilia wazo ambalo wakubwa wake waliliona la kipuuzi: kwamba kompyuta yaweza kuagizwa kwa maneno ya kawaida, kwa sababu watu wa biashara hawapendi alama za hisabati. Kazi yake ilichangia sana lugha ya COBOL iliyobuniwa kuanzia 1959. Alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa admirali, akaingia kampuni ya Digital Equipment Corporation, akabaki huko hadi kufariki kwake mwaka 1992. Ninampenda kwa sababu alivuka kutoka sare hadi ofisi na kurudi tena, na kila alipovuka alikuwa akifanya kazi ya mfasiri.

Mwenzangu mmoja wa idara ya sosholojia, nilipomsimulia kisa hiki, alinicheka. Aliniambia kwamba mwanaisimu huona lugha kila mahali kama ambavyo mwenye nyundo huona misumari, na kwamba kijana mweusi mwenye jina la Kiafrika na lafudhi ya Kiafrika hafungiwi mlango kwa sababu ya vifupisho. Sina jibu la kumshinda. Maombi sitini ni mengi, na jina lilikuwa juu ya kila moja. Ninachoweza kusema ni kwamba jina hatukulibadilisha, wala lafudhi, na wasifukazi mpya ulipotumwa mwezi wa Septemba aliitwa mara nne katika majuma matano. Soko la kazi pia lilikuwa likifunguka baada ya korona. Kila mtu na agawanye sifa apendavyo. Mwezi wa Novemba hospitali moja ilimwajiri kwenye dawati la huduma, kazi ya ngazi ya chini kuliko aliyoiacha. Mtu aliyekuwa akiwaamrisha wanne sasa alipokea simu za wauguzi waliosahau maneno yao ya siri, na msimamizi wake alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Hilo lilimkera kuliko ukosefu wa kazi. Mke wake ndiye aliyelibeba, si mimi. Alihuisha cheti chake, akasomea seva za kukodi kwa fedha za GI Bill, na mwaka 2023 akawa msimamizi wa mitandao katika hospitali hiyohiyo.

Hapa kwetu hadithi hii si ngeni, ingawa vifaa ni vingine. Wazee waliorudi kutoka Burma baada ya vita kumalizika mwaka 1945 walirudi na kazi mikononi: madereva, makanika, makarani, wapiga simu za upepo. Walituachia maneno, kama kombania, kwata, koplo na sajini, ambayo tunayatumia bila ya kukumbuka yalikotoka. Ila wengi wao hawakupata kazi zilizolingana na walichokijua, na uzito wa sababu ulikuwa kwenye ukoloni kuliko kwenye msamiati. Leo mwanajeshi wa Kenya aliyetunza mitandao ya kambi naye hutoka akiwa na umri wa kufanya kazi. Tunayo mamlaka ya kitaifa ya sifa za masomo, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, na miongoni mwa kazi zake ni kusimamia utambuzi wa ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Ni mlango mzuri. Lakini anayeuingia hutakiwa aeleze, kwa maandishi na kwa kinywa, anajua kufanya nini, na sioni ni nani anayemfundisha kueleza. Wahandisi hawafanyi hivyo. Wakufunzi wa kijeshi hawafanyi. Wanaoweza ni walimu wa lugha, na sisi tumeshughulika na koma.

Wala hili si la wanajeshi peke yao. Muuguzi anayehamia bima, mwalimu anayehamia uchapishaji, baharia wa Mombasa anayetafuta kazi nchi kavu, wote hubeba ujuzi uliofungwa kwa kamba za sajili. Nimeanza na askari wa kompyuta kwa sababu kamba zake ndizo zilizokazwa zaidi, na kwa sababu ndiye niliyemkosea.

Muhula huu nimebadilisha zoezi langu la isimujamii. Badala ya kuwataka wanafunzi wataje sifa za sajili, ninawapa maneno ya mtu halisi na kuwaamuru wamwandikie mwajiri asiyemjua, kisha wanieleze walichokiacha na kwa nini. Nilimwomba mwanafunzi wangu idhini ya kuitumia hati yake ya kwanza, jina likiwa limefutwa. Alikubali, akaniongezea sharti moja: masahihisho yangu ya Juni 2021 yabaki pale pale pambizoni, koma zote mbili, kwa wino wangu mwekundu. Darasa litaiona siku ya Jumatatu.